Kompyuta ndogo ya kuunda nyumbani: kasha lipi linapokea rangi, na rangi ipi ya kupaka

Wengi wanaounda kompyuta ndogo ya mezani huanza na prosesa, wakahamia kwenye kadi ya picha, na kasha wakalichagua mwisho kwa hela zilizobaki. Kama nia yako ni kulipaka rangi mwenyewe, ugeuze mpangilio huo. Kasha ndilo linaloamua rangi gani itashika, kazi utaifanyia uani au utaipeleka gereji, na pawasaplai gani (kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme) utaitafuta siku ya kwanza ikiungua.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Kwa anayetaka rangi na michezo pia, kasha la chuma la lita 18 hivi halina mpinzani. Anayetaka kazi za ofisi, kuandika programu na filamu za jioni, mashine kuukuu ya ofisi ya lita moja inamtosha na chenji inabaki. Lile la alumini la lita 10 linalopendeza kwenye picha, ukilinunua, liache na rangi yake.

Makasha haya hupimwa kwa lita: urefu mara upana mara kimo. Kasha la kawaida lile kubwa huwa na lita 40 na zaidi. Haya hapa manne ninayoyalinganisha. Mazabodi ni kibao kikuu kinachobeba prosesa, Mini-ITX ni saizi yake ndogo, na SFX ni saizi ndogo ya pawasaplai:

| | Ofisi, iliyotumika | ASRock DeskMini | Fractal Terra | Cooler Master NR200 |
|---|---|---|---|---|
| Ujazo | karibu lita 1 | lita 1.92 | lita 10.4 | lita 18.25 |
| Mazabodi | ya kwake | ya kwake | Mini-ITX | Mini-ITX |
| Umeme | adapta ya nje | adapta ya nje | SFX ya ndani | SFX ya ndani |
| Kadi kubwa ya picha | haiingii | haiingii | mpaka sm 32 | mpaka sm 33 |
| Ganda | chuma na plastiki | chuma na plastiki | alumini na mbao | chuma na plastiki |
| Kupaka rangi | rahisi, eneo dogo | rahisi | ngumu | rahisi, eneo kubwa |

Tuanze na lita moja. Hizi ni Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny, mashine zilizokaa miaka kadhaa kwenye ofisi za Ulaya kisha zikaletwa kwetu. Nairobi muuzaji atakwambia ni ex-UK. Lenovo M720q, kwa mfano, ni milimita 179 kwa 183, unene 34.5. Inajificha nyuma ya skrini. Nyingi zina prosesa zenye herufi T mwishoni, za wati 35, kwa hiyo hata chumba kikiwa na joto hazilalamiki sana.

Muuzaji atakwambia "hii ni i5" akaishia hapo. Muulize namba yote. i5-6500T ni kizazi cha 6, i5-8500T ni cha 8, na tofauti yake si ya kasi tu. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Ndiyo sababu mashine za kizazi cha 6 na 7 zimeshuka bei ghafla. Kama unatumia Linux, huo ni ushindi wako. Kama hutumii, bei hiyo nzuri ni mtego.

Kuunda kwenyewe hapa ni kudogo, tuseme ukweli: unabadilisha RAM (ni zile za laptopu), unaweka SSD, unasafisha vumbi na kupaka upya grisi ya prosesa. Kwa upande wa rangi, lakini, hakuna shule nzuri zaidi ya hii. Kifuniko cha juu ni bati moja, uso wa mbele ni plastiki, na kopo moja la rangi linatosha ukabaki na ya kurudia. Kosea, piga msasa, rudia. Plastiki inataka praima yake (koti la kwanza la kushikisha rangi), maana ile ya chuma huja ikabanduka kwa kucha. Pia, sehemu ya plastiki yenye antena ya Wi-Fi nyuma yake usiipige rangi yenye chembe za chuma, zile zinazometameta. Huweza kudhoofisha mawimbi.

DeskMini sitaikalia sana. Inauzwa ikiwa na kasha, mazabodi na adapta, wewe unaongeza prosesa, RAM na SSD. X300 inachukua prosesa za AMD za soketi ya AM4, X600 za AM5, zote mpaka wati 65, na kipozeo kisizidi kimo cha milimita 46 au 47 hivi. Ukiiwekea X600 prosesa kama Ryzen 7 8700G, yenye uwezo wa picha ndani yake, unapata mashine inayocheza michezo mepesi bila kadi. Ni kitu kizuri kwa anayetaka kuunda bila kuumiza kichwa. Ila kikifa kibao chake, huwezi kuingiza kingine chochote humo, na kukipata Kariakoo ni bahati.

Sasa Terra. Ilitoka mwaka 2023, ganda la alumini, mbele kipande cha mbao ya walnati, na milango ya ubavuni inafunguka kwenda juu. Ndani, mazabodi na kadi ya picha zinapeana mgongo, zikiunganishwa na waya mpana. Ni kasha zuri, sibishani. Tatizo ni kwamba rangi unayoiona si rangi iliyopakwa. Alumini hutumbukizwa kwenye asidi na kupitishiwa umeme mpaka ngozi yake igeuke kuwa oksidi ngumu yenye vitundu vidogo mno, na rangi hunywewa na vitundu hivyo kabla ya kufungwa. Ngozi hiyo ikishafungwa, haishiki rangi vizuri. Ukiipulizia rangi ya kopo moja kwa moja, itapendeza kwa wiki chache, kisha pembeni mwa milango unayoifungua kila mara itaanza kubanduka vipandevipande.

Inawezekana kuipaka, ndiyo. Unaipiga msasa mpaka mng'ao uishe kabisa, unaisafisha kwa spiriti, unaweka praima inayoing'ata alumini, ile yenye asidi, ndipo rangi. Yaani umelipia ngozi bora kuliko utakayoiweka, ukaiharibu ili uweke ya chini yake. Anayeutaka mwonekano wa Terra lakini anataka uwe wake, abadilishe ule ubao wa mbele. Fundi seremala mzuri anaweza kukukatia kipande cha mninga au mtiki chenye vipimo vile vile, ukakipaka mafuta ya mbao, na hakuna atakayekuwa na kama hicho.

NR200 ni ya 2020 na haina maringo. Paneli zake za ubavuni ni za chuma, zinatoka kwa kuvuta bila bisibisi, na ukiamua, kasha zima linafunguliwa na kuwa rundo la vipande bapa mezani. Kwa anayepaka rangi hiyo ni nusu ya kazi: kipande bapa kilicholala hakitiririshi rangi kama kilichosimama. Tena rangi yake ya kiwandani ni msingi mzuri. Usiikwangue yote. Ipige msasa namba 400 mpaka ufifie mng'ao wake, futa vumbi, basi.

Sisitizo la kutoikwangua lina sababu. Bati la makasha mengi ya chuma limepakwa zinki ili lisishike kutu, na zinki haipatani na rangi ya mafuta. Kila aliyewahi kupaka rangi ya mafuta kwenye bati jipya la paa anajua inavyovuka kama gamba la nyoka baada ya msimu mmoja. Mafuta ya rangi yakikutana na zinki na unyevu hugeuka aina ya sabuni, na sabuni hiyo ndiyo inayoiachanisha rangi na bati. Rangi ya kiwandani iliyoko juu ya zinki inakukinga na vita hiyo. Kwenye kingo ambako msasa umepita mpaka bati likaonekana, gusia kwa praima inayokubali mabati kabla ya kuendelea.

Kwa watu wa pwani kuna la ziada. Hewa ya Dar, Tanga, Mombasa au Unguja ina chumvi, na chuma kilichochubuka hakichukui muda mrefu kabla ya kuonyesha wekundu. Alumini haina shida hiyo ya kutu nyekundu, na hapo Terra inajipatia alama. Lakini kasha la chuma lililopakwa vizuri mpaka kwenye kingo litaishi miaka mingi tu.

Mahali NR200 inapouma ni pawasaplai, na Terra inauma hapo hapo. Zote zinataka SFX, yenye upana wa milimita 125 na kimo cha 63.5. Ile ya kawaida, ATX, ni 150 kwa 86. Haiingii humo. ATX utaikuta kwenye kila duka la kompyuta Kariakoo au Luthuli Avenue. SFX mara nyingi unaagiza na kusubiri. Na kwa umeme wetu wa kupanda na kushuka, pawasaplai ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuaga dunia. Kwa hiyo bei ya SFX nzuri uihesabu pamoja na bei ya UPS. Usiihesabu peke yake. Asiyetaka utumwa huo aongeze ukubwa: Asus AP201 ni lita 33, inachukua ATX na mazabodi za Micro-ATX za sentimita 24.4 kwa 24.4, ambazo ni rahisi kuzipata na bei yake ni ya chini kuliko Mini-ITX. Siyo ndogo tena, lakini kama uko mji ambao kila kipuri kinakuja kwa basi, ningekushauri hiyo bila kusita. Rangi yake tu ndiyo kazi, kwa sababu ganda karibu lote ni vitundu vya milimita 1.5, na koti moja nzito inavifunga.

Hilo linatuleta kwenye joto. Watu huuliza kama rangi nyeusi itachemsha kompyuta. Ikiwa ndani ya nyumba, hapana. Kinachopoza ni hewa inayopita ndani, na ganda lina mchango mdogo sana. Kitakachochemsha ni vitundu ulivyoviziba kwa rangi. Kinachobadilisha hesabu zaidi ni mahali unapoishi. Chumba cha Dar kisicho na kiyoyozi mwezi Februari kikifika nyuzi 32, vyuma vya ndani vinapanda kwa nyuzi zile zile ukilinganisha na chumba cha 22. Nairobi ni baridi, lakini iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa katika joto lile lile. Feni inazunguka vile vile, hewa inayobeba ni kidogo.

Kwenye Terra nafasi ya kipozeo ni kati ya milimita 48 na 77, kutegemea umeusogeza wapi ukuta wa katikati. Ukiipa kipozeo nafasi, unaipunguzia kadi ya picha. Humo baki na prosesa za wati 65 kama Ryzen 5 7600, ambayo hata hivyo huvuta mpaka 88 ikibanwa. NR200 inapokea kipozeo cha mnara cha zaidi ya milimita 150, cha bei ya kawaida, kimya. Lita nane za ziada zinanunua utulivu huo, na nadhani ni biashara nzuri.

Haya, rangi yenyewe.

Rangi ya kopo ndiyo ya nyumbani hasa. Faida yake ni kwamba unaidhibiti mwenyewe: koti nyembamba, sentimita 20 mpaka 25 kutoka kwenye bati, unaanza kupuliza kabla ya kingo na kuachia baada yake. Praima koti mbili, msasa 600 wa maji, rangi koti tatu, klia (koti la juu lisilo na rangi) mbili. Tatizo lake ni uvumilivu. Baada ya saa moja inashikika, lakini bado ni laini chini. Ukirudisha paneli kwenye vishikizo vyake siku ya pili, vitaacha makovu. Ipe wiki nzima.

Msimu nao uuheshimu. Masika, Machi mpaka Mei, pwani si wakati wa kupuliza rangi. Kiyeyushi kinapokauka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewani hutua juu yake, na rangi nyeusi uliyoilipia inapata ukungu mweupe. Subiri siku kavu, saa nne asubuhi hivi umande ukishakauka, kivulini. Jua kali la moja kwa moja nalo linaikausha juu kabla ya chini na kuleta malengelenge. Nyunyiza maji sakafuni kwanza, vumbi litulie; wapaka magari wanafanya hivyo na wako sahihi.

Usipulizie jikoni wala karibu na jiko la mkaa. Gesi inayosukuma rangi kwenye makopo mengi ni ya jamii ile ile ya gesi ya kupikia. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi. Tafuta ile yenye vichujio vya mkaa.

Gereji ni njia ninayoipenda zaidi kuliko watu wanavyodhani. Rangi ya gari huchanganywa na kikazio, na ikishakauka, thina haiiyeyushi tena na funguo haziichubui ovyo. Kikazio hicho kina kemikali mbaya kwa mapafu, ndiyo maana klia ya aina hiyo isipulizwe chumbani kwako. Mwachie mwenye vifaa. Siri ya bei ni kuuliza wanapaka gari gani leo. Paneli nne ndogo zinakula rangi kidogo mno kiasi kwamba masalio ya bampa yanatosha. Na kwa magari yetu yalivyo, nyeupe ya Toyota namba 040 au nyeusi 202 hazikosekani. Ukitaka nyeupe ya lulu, namba 070, jua kwamba inaenda kwa tabaka tatu na bei yake inafuata.

Hatari ya gereji ni mkono mzito. Fundi amezoea bonati, haogopi koti nene. Atakuuliza, "Bosi, hizi nipige koti ngapi?" Mjibu, "Mbili nyepesi, fundi, na vitundu nivione viko wazi." Kisha kaa pale. Mpelekee paneli za nje tu, usimpe fremu, maana akishajaza rangi kwenye nyuzi za skrubu utatumia jioni nzima kuzizibua.

Rangi ya unga, ile ya madirisha ya alumini na mageti, ndiyo ngumu kuliko zote. Unga hurushwa kwa umeme ukashika kwenye chuma, kisha hupikwa kwenye tanuri la nyuzi 180 mpaka 200. Tabaka lake ni mikroni 60 mpaka 100, sawasawa kote. Lakini kila kisichokuwa chuma lazima kitoke: plastiki, sponji, miguu ya mpira, na hasa sumaku za vichujio vya vumbi, ambazo za kawaida huanza kupoteza nguvu zikifika nyuzi 80. Kiwanda kina rangi zake za siku: nyeupe, kahawia, kijivu. Wakiwasha tanuri kwa mageti arobaini hawatabadilisha rangi kwa ajili ya paneli zako. Kama kijivu cha dirisha kinakupendeza, ni dili.

Stika za vinaili, zile za pikipiki na daladala, usizidharau. Fundi wa stika na hita yake anamaliza kazi saa moja, hakuna mvuke, na ukichoka unaibandua. Anayeishi chumba kimoja cha kupanga na jirani mwenye mtoto mchanga, hii ndiyo yake. Ila ni kwa paneli bapa tu. Kwenye wavu ama inaziba hewa, ama inakatwa vitundu na kingo zake zinainuka kwa joto.

Kama ungeniuliza leo: NR200, paneli tu, nyeupe ya gari kutoka gereji, ndani nyeusi ya kiwandani ibaki. Kwa bajeti ndogo: ThinkCentre ya kizazi cha 8 na kopo moja.

Ukiamua kupaka mpaka fremu ya ndani, kuna sehemu za kufunika kwa tepu ya karatasi bila mjadala: vinguzo vinavyobeba mazabodi, mahali pawasaplai inapofungwa, na nyuzi zote za skrubu. Hapo chuma lazima kiguse chuma, kwa sababu ganda zima linategemea kuungana na waya wa ethi (ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini) kupitia pawasaplai. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, pima kwa mita ya fundi umeme kutoka kwenye pini ya ethi ya plagi mpaka kwenye skrubu ya kasha, ikilia, sawa. Isipolia, kwangua rangi chini ya pawasaplai. Na ikiwa mita inalia lakini bado ukigusa skrubu mashine ikiwaka unahisi kitekenyo, tatizo haliko kwenye rangi yako. Soketi ya ukutani haina ethi iliyounganishwa, jambo la kawaida mno kwenye nyumba zetu, na vichujio vya ndani ya pawasaplai vinavujisha umeme kidogo kwenda kwenye ganda. Rangi itakuficha usiuhisi kwenye paneli, lakini skrubu na nyuma ya mashine vitabaki vile vile mpaka fundi umeme aje kufungua ile soketi.